Mama Mkimbizi Afundishwe Simu kama Kuruta Anavyofundishwa Bunduki

Uganda inahifadhi wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, na hakuna nchi nyingine barani Afrika inayohifadhi idadi kubwa kuliko hiyo. Wengi wao ni wanawake na watoto. Ninyi maafisa na askari wa jeshi na polisi mnaosoma ukurasa huu mnalijua jambo hilo kuliko mwandishi yeyote wa mjini, kwa kuwa ni ninyi mnaosimama Elegu, Bunagana na Mpondwe wanapovuka. Ni ninyi mnaolinda njia ziendazo Nakivale, Kyangwali, Rwamwanja na Bidi Bidi. Na ni ninyi mnaoamshwa usiku panapotokea wizi au ugomvi katika makazi hayo. Leo ninapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza halimhusu mtu aliyevaa sare, nalo ni kumfundisha mama mkimbizi, mtu mzima mwenye watoto na pengine wajukuu, namna ya kuitumia simu yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya mashirika ya misaada na ya walimu wa elimu ya watu wazima, na kwamba askari ana kazi zake za kutosha. Maneno hayo yangekuwa na uzito miaka ishirini iliyopita. Wakati ule mkimbizi alipewa mahindi, maharage na mafuta ya kupikia, akajitwika kichwani na kwenda zake. Gunia la mahindi kila mtu huliona. Likiibiwa, jirani ameona, mtoto ameona, na askari akifika ataziona nyayo na punje zilizomwagika njiani. Siku hizi, katika makazi mengi, sehemu kubwa ya msaada imegeuka kuwa fedha taslimu, na fedha hizo hupita katika akaunti, kadi ya benki au simu ya mkononi. Fedha iliyomo ndani ya simu haina uzito wala harufu, na ikiondoka haiachi nyayo ambazo mama asiyejua kusoma ataweza kuzionyesha.

Tena fedha zenyewe zimekuwa haba. Mwezi Mei mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilisimamisha msaada wa chakula kwa wakimbizi wapatao milioni moja nchini mwetu kwa sababu ya upungufu wa michango kutoka nchi tajiri. Waliobaki katika orodha ni wale waliohesabiwa kuwa wanyonge kupita wengine. Mama wa namna hiyo akipunjwa shilingi elfu kumi, watoto wake watalala na njaa siku kadhaa, na njaa hiyo itamleta kijana wake barabarani usiku, mahali ambapo mtamkuta ninyi. Kwa hiyo nasema kwamba jambo hili ni la ulinzi na usalama, na linawahusu askari moja kwa moja.

Katika kituo kimoja cha biashara karibu na makazi ya wakimbizi huko kusini magharibi, nimepata kuona siku ya malipo jinsi mambo yanavyokwenda. Kijana mmoja aliketi kwenye benchi kando ya kibanda cha wakala. Mbele yake walijipanga akina mama, na kila mmoja mkononi ameshika simu pamoja na kipande cha karatasi kilichokunjwa. Katika karatasi ile mlikuwa mmeandikwa namba ya siri. Kijana alipokea simu, akakunjua karatasi, akabofya, akaingia ndani kwa wakala, akatoka na noti, akampa mama kiasi fulani na kujiwekea kiasi fulani. Akina mama walimwita mwanangu na kumshukuru. Nilimwuliza mmoja wao kwa Kiswahili, naye alikuwa ametoka Kivu ya Kaskazini, ni kiasi gani kilichoingia katika simu yake siku ile. Alinijibu kwamba anakijua alichopewa mkononi; kilichoingia hakijui.

Tafakarini jibu hilo. Hakuna aliyepigwa pale wala aliyetishwa, na askari polisi akipita angeona foleni yenye utulivu na kuridhika. Lakini mali ya wanyonge ilikuwa ikigawanywa mbele ya macho ya watu wote, na mwenye mali hakuwa na njia ya kujua. Huenda kijana yule alikuwa mwaminifu akachukua ujira mdogo tu. Huenda alikuwa mwizi. Mama hana uwezo wa kumtofautisha mmoja na mwingine, na sisi pia hatuna, maana shahidi pekee ni simu, na simu hiyo mwenyewe hawezi kuisoma.

Dawa ya jambo hili ni mafunzo, na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wale wanaoyaendesha. Mara nyingi mafunzo ya namna hii huanza na kompyuta. Huletwa mashine kumi katika ukumbi, zikafungwa nyaya, akaletwa kijana mwenye cheti kutoka mjini, akasimama mbele na kueleza kwa Kiingereza sehemu za kompyuta. Mwishoni hutolewa vyeti na picha hupigwa. Sina ugomvi na kompyuta, na vijana waliomaliza shule wanazihitaji sana. Lakini mwanamke wa miaka arobaini na mitano ambaye hajawahi kushika kalamu, anayetembea saa nzima kufika ukumbini akiwa na mtoto mgongoni, ana faida gani ya kujua jina la kila sehemu ya mashine ambayo hataigusa tena? Anacho chombo chake mfukoni, tena aghalabu ni simu ndogo ya vitufe yenye kioo kilichopasuka. Mafunzo yaanze na chombo hicho hicho, kwa sababu ndicho kinachobeba chakula chake.

Na namna ya kufundisha, ndugu zangu, sisi askari tunaijua kuliko wengi. Kila aliyepita chuo cha kuruta au shule ya makadeti anakumbuka somo la silaha. Mwalimu wa silaha hakuanza kwa kutuandikia ubaoni historia ya bunduki. Aliiweka mbele yetu, akaeleza kwa maneno machache, akaifungua yeye mwenyewe polepole huku tukimtazama, akatuamuru tufanye pamoja naye kipande kwa kipande, kisha akatuacha turudie na kurudia mpaka mikono yenyewe ikajua. Maelezo, mfano, kuiga, mazoezi: hiyo ndiyo kanuni ya zamani ya ualimu wa kijeshi. Kwa kanuni hiyo jeshi la wakoloni, King's African Rifles, liliwafundisha vijana wetu ambao wengi wao hawakujua kusoma, wakawa wapiga mizinga na madereva, na lugha iliyotumika ilikuwa Kiswahili. Mtu mzima asiyejua kusoma ana kumbukumbu kali. Kinachomshinda ni maneno mengi yasiyoshikika.

Basi mama naye afundishwe vivyo hivyo. Siku ya kwanza aiwashe simu na kuizima, aifunge na kuifungua, mara ishirini. Asiondoke mpaka ameweza bila kutazama mkono wa jirani. Siku ya pili ajifunze tarakimu, na hapa walimu wengi hushangaa, kwa maana akina mama wasiojua herufi hata moja huzijua tarakimu tangu sokoni. Anayeuza nyanya anaijua noti ya elfu tano na ya elfu kumi, wala hapunjwi. Tarakimu hizo hizo ndizo zilizo kwenye kioo cha simu. Aonyeshwe ujumbe wa malipo ulio halisi, afundishwe kutafuta mahali ilipo namba inayotaja kiasi kilichoingia na mahali inapotajwa namba ya salio. Hahitaji kusoma ujumbe wote. Ajue tarakimu mbili tu, kilichoingia na kilichobaki, na kuanzia siku hiyo yule kijana wa kwenye benchi atakuwa anashughulika na mtu mwingine kabisa.

Kisha huja somo lililo kubwa kuliko yote, nalo ni la namba ya siri. Mama aijue njia ya kuingia katika huduma ya fedha, iwe ni *165# kwa wale wa MTN au *185# kwa wale wa Airtel. Aijue njia ya kubadili namba yake ya siri, aibadili darasani kwa mkono wake, akiwa amewapa kisogo wenziwe na mwalimu pia. Mwalimu anayesema "nipe nikusaidie" amekwisha kuliharibu somo. Askari haazimi bunduki yake kwa rafiki, na hakuna mwalimu wa silaha aliyempakilia kuruta risasi kwa huruma. Mama ajaribu, akosee, arudie. Kwa mazoezi itumike namba isiyo ya fedha zake halisi, maana akikosea mara kadhaa huduma itajifunga naye atapatwa na hofu, na hofu hiyo itamrudisha kwa kijana wa benchi.

Hofu ni jambo kubwa katika mafunzo haya kuliko akili. Mwanamke aliyevuka mpaka na watoto watatu akimwacha mumewe hajulikani alipo, simu kwake si chombo cha kuchezea. Ndani yake imo namba ya kaka aliye Goma, au ya shangazi aliyebaki Yei, na ikipotea hana njia nyingine ya kuwapata. Ndiyo maana wengi hukataa kubofya kitufe wasichokijua. Mwalimu mwenye busara ataanza kwa kuliondoa wasiwasi hilo: zile namba za ndugu ziandikwe kwanza katika daftari, herufi kubwa, na daftari lihifadhiwe nyumbani. Mama akiona kwamba namba za nduguze ziko salama, vidole vyake vitapata ujasiri.

Sasa juu ya lugha. Menyu za simu na ujumbe wa malipo aghalabu huja kwa Kiingereza, na hilo halitabadilika kesho. Lakini maelezo ya mwalimu yanaweza kubadilika leo. Wakongo waliotoka Kivu na Ituri wengi wanazungumza Kiswahili, na ingawa Kiswahili chao kina ladha yake, askari wetu waliokwenda Kongo tangu Operesheni Shujaa ilipoanza mwezi Novemba 2021 wamekwisha kukizoea. Katika Katiba yetu Kiswahili kinatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Hapa pana mahali pa kukitumia kwa faida, badala ya kukiacha kibaki lugha ya amri na kwata. Kwa upande wa kaskazini, wengi wa akina mama kutoka Sudan Kusini huzungumza Kiarabu cha Juba, na wasomaji wetu wa Bombo watacheka nikisema kwamba mwalimu wake yuko karibu: Kinubi kinachosemwa Bombo tangu enzi za askari wa Emin Pasha ni ndugu wa damu wa Kiarabu hicho. Mnubi na mama wa Juba wataelewana bila mkalimani. Nashangaa kwamba jambo lililo wazi kiasi hicho halijafikiriwa sana.

Lakini tusiwatie wakimbizi wote katika kapu moja. Tangu vita vya Sudan vilipozuka mwezi Aprili 2023, wamefika Kiryandongo akina mama kutoka Khartoum waliokuwa walimu, wauguzi na makarani, ambao nchini mwao walikwisha kuzoea kulipa sokoni kwa programu ya benki katika simu zao. Mama wa namna hiyo anaweza kumfundisha koplo. Wanachohitaji wao ni maelezo ya taratibu za hapa, na ingekuwa dharau kuwaketisha wafundishwe kuwasha simu. Afadhali wapewe nafasi ya kuwafundisha wenzao.

Liko jambo la laini za simu ambalo polisi hawana budi kulitilia maanani. Kwa miaka mingi wakimbizi wengi hawakuweza kusajili laini kwa majina yao, kwa kuwa vitambulisho vilichelewa na kampuni za simu hazikukubali karatasi nyingine. Kwa hiyo mama alinunua laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenye duka, au la bodaboda, au la mtu asiyemjua kamwe. Mwaka 2019 Tume ya Mawasiliano ililegeza masharti, na barua ya uthibitisho ya mkimbizi ikakubaliwa kwa usajili. Hata hivyo laini za zamani zenye majina ya watu wengine bado zimo mifukoni. Hatari yake ni ya pande mbili. Mwenye jina anaweza kwenda kwa wakala akasema laini yake imepotea, akapewa nyingine, na fedha zote zikamfuata yeye. Na nyinyi wapelelezi, mkiifuatilia namba iliyotumika katika uhalifu, mtafika kwa mtu asiye mhusika, au mtamkamata mama asiye na hatia kwa sababu laini aliyokuwa nayo ilikwisha kutumiwa kwa uovu. Somo la kusajili laini kwa jina lako mwenyewe, ukiwa na barua yako mwenyewe, ni somo la upelelezi kabla ya kosa kutendeka.

Matapeli nao hawalali. Huwapigia wakimbizi simu wakidai kwamba fedha zimetumwa kwa makosa na zirudishwe haraka. Wengine hutuma ujumbe unaotangaza zawadi. Ulio mbaya kuliko wote ni ule wa safari: kwamba jina lako limetoka katika orodha ya kuhamishiwa Marekani au Kanada, tuma kiasi fulani leo hii upate nafasi. Ukweli ni kwamba kuhamishiwa nchi ya tatu hakulipiwi hata senti moja, na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi hulirudia neno hilo kila mara. Tena Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi mwezi Januari 2025, nao matapeli wakaigeuza habari hiyo hiyo kuwa chambo, wakisema nafasi za mwisho zinakwisha. Wasichana nao huahidiwa kazi nzuri za nyumbani katika nchi za Ghuba na watu ambao hawajawahi kuwaona kwa macho. Kumfundisha mama kutambua namba ngeni na kuukata mwito kunaweza kumwokoa binti.

Na akiibiwa, atakuja wapi? Hapa nawaomba askari polisi wanivumilie, kwa kuwa neno langu ni la ndugu kwa ndugu. Mama mkimbizi huogopa kaunta ya kituo cha polisi. Huko alikotoka, mtu mwenye sare pengine ndiye aliyemchomea nyumba. Akifika kwetu akaambiwa "mambo ya simu ni ya kampuni ya simu, nenda kwao", atarudi nyumbani na hatakuja tena. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 imeutaja udanganyifu wa kielektroniki kuwa kosa la jinai, na wizi wa shilingi elfu thelathini kwa njia ya simu ni wizi, sawa na wizi wa mbuzi. Malalamiko yaandikwe. Ichukuliwe namba iliyopiga au iliyopokea, saa, na kiasi. Mama aambiwe asiufute ule ujumbe, maana ndio ushahidi. Asaidiwe kuipata kampuni ya simu mapema ili fedha zizuiwe kabla hazijatolewa, kwa sababu katika wizi wa namna hii saa moja ni muda mrefu.

Na jambo moja lisifanyike kamwe: askari asimwombe mama namba yake ya siri. Asiombe kwa nia njema, wala kwa kumsaidia, wala kwa upelelezi. Mama aliyefundishwa kwamba namba hiyo haitolewi kwa mtu yeyote, kisha akaombwa na afande mwenye nyota begani, atajifunza kutoka kwa afande kwamba lile somo lilikuwa maneno matupu. Afande akitaka kuona ujumbe, mama mwenyewe aufungue na kuuonyesha, simu ikiwa mkononi mwake.

Nimesikia katika kambi zetu manung'uniko, na sitayapuuza. Huulizwa kwa nini mkimbizi afundishwe wakati wake zetu wenyewe kambini, na mama zetu vijijini, hawajui. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Ni kweli kwamba mke wa askari aliye Somalia hupokea fedha za matumizi kwa simu, na wako wanaosomewa ujumbe na mtoto wa darasa la sita ambaye huwapunja fedha za andazi. Lakini jibu lake ni kulipanua darasa, wala si kulifunga. Utaratibu uliokubaliwa nchini ni kwamba asilimia 30 ya msaada unaoletwa kwa ajili ya wakimbizi uwanufaishe wenyeji wanaowapokea. Basi darasa la simu liwe na mama mkimbizi na mama mwenyeji katika mkeka mmoja, na pale kambi ya jeshi au kituo cha polisi kilipo karibu, na mke wa askari awemo. Watajifunza pamoja, na watafahamiana. Ugomvi wa kuni na maji, ambao nyinyi huitwa kuuamua, hupungua pale wanawake wanapojuana kwa majina.

Wazee miongoni mwetu pia wanakumbuka mwaka 1979 na miaka iliyofuata, wakati watu wa West Nile kwa maelfu walipovuka kwenda Sudan na Zaire. Walipokewa na watu wasio na kitu. Baadhi ya wajukuu wa waliowapokea ndio leo walioko Yumbe na Adjumani. Sisemi zaidi, kwa kuwa askari wa West Nile wanaisimulia habari hiyo vizuri kuliko mimi.

Nani afundishe? Mwalimu awe mwanamke kila inapowezekana. Polisi wanayo Idara ya Ulinzi wa Familia na Watoto, yenye askari wanawake waliozoea kuzungumza na akina mama kwa upole. Jeshi nalo lina wanawake wa vyeo mbalimbali, na kambini wako wake wa askari waliosoma hadi kidato cha nne ambao hawana kazi. Mmoja wao akipewa wiki mbili za maandalizi na mwalimu wa silaha, naam, mwalimu wa silaha, atafundisha vizuri kuliko mtaalamu wa mjini aliyekuja kwa siku tatu. Kazi ya mwalimu wa silaha ni kumwonyesha namna ya kugawa somo vipande vipande na namna ya kungoja kimya mwanafunzi anapohangaika. Kungoja kimya ndiko kugumu.

Saa za masomo zifuate maisha ya akina mama. Asubuhi wako shambani au kwenye foleni ya maji, jioni wanapika. Saa nane hadi saa kumi alasiri ndio wakati wao. Pawe na mwanamke mmoja wa kuangalia watoto chini ya mti, la sivyo nusu ya darasa haitakuja siku ya pili. Siku ya malipo pasiwe na darasa ukumbini. Mwalimu aende na wanafunzi wake hadi kwa wakala, asimame hatua kumi nyuma, na asiseme neno.

Wanaume wataleta maneno, na ni afadhali kuyatarajia. Mume humwuliza mkewe kwa nini simu sasa ina namba asiyoijua yeye, na katika makazi yenye dhiki swali hilo limekwisha kuzaa vipigo. Kwa hiyo waume waalikwe siku ya kwanza, waone kinachofundishwa, waambiwe na askari mwanamume mwenye cheo kwamba namba ya siri ni amri ya mwenye huduma, wala haimaanishi kumficha mume, na kwamba kila mmoja wao ana yake. Kisha waende zao. Darasa likianza, mlango wa ukumbi ubaki wazi, askari mmoja aketi nje kivulini, na kila simu itakayoingia ihesabiwe mlangoni wakati wa kuingia na wakati wa kutoka, maana zitafanana na zitachanganyika.